Jinsi ya Kujua Kama Chumvi Inakupandishia Presha: Mwongozo wa Wiki Tatu kwa Vijana

Maswali ni yale yale. "Nina miaka 24, nimepimwa nikaambiwa 138 kwa 88, je, ni chumvi?" "Baba ana presha, mimi niache chumvi kabisa?" "Mwenzangu anakula chumvi kunishinda na presha yake iko sawa, kwa nini mimi?" Hapa nayajibu yote kwa njia moja: utaratibu wa kujipima nyumbani, kwa mashine ya presha, daftari na subira ya wiki tatu.

Watu hatufanani mbele ya chumvi. Figo za mtu mmoja huitoa ya ziada upesi, presha yake ikabaki pale pale. Figo za mwingine huchelewa. Chumvi inabaki mwilini, inashika maji, na presha hupanda ndipo figo ziweze kuisukuma nje. Huyu wa pili ndiye nitakayemwita anayeguswa na chumvi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1986 uliwakuta watu wa namna hii wakiwa takriban robo ya waliokuwa na presha ya kawaida, na nusu ya waliokuwa na presha ya juu. Wengi wao hawana habari, kwa sababu mwili hautoi ishara yoyote. Kichwa hakiumi, wala ulimi hausemi. Usingoje kuumwa kichwa ndipo upime.

Wala usijipe moyo kwamba haya ni ya wazee. Miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia vijana wa Kiluo, wa miaka 15 hadi 34, waliohama vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta maisha Nairobi. Presha zao zilikuwa juu kuliko za wenzao waliobaki kijijini, na tofauti hiyo ilionekana mapema, ndani ya miezi ya mwanzo mjini. Walipopimwa mkojo, waliohama walikutwa na sodiamu zaidi, ile iliyo ndani ya chumvi, na potasiamu pungufu, ile ya matunda na mboga. Chumvi haikuwa jambo pekee lililobadilika katika maisha yao, lakini ilikuwamo. Kila nikisoma matokeo hayo nawakumbuka vijana wanaotoka nyumbani kwenda chuo au kazini, wakaacha viazi vitamu na mboga za shambani wakashika chipsi, soseji na mkate wa duka.

Hiyo nadharia inatosha.

Nani asifanye zoezi hili peke yake

Soma hapa kabla ya kununua chochote. Usianze bila kuongea na daktari au muuguzi wako ikiwa:

- una mimba, au unadhani unayo. Presha ya mimba ina taratibu zake na haisubiri wiki tatu;
- unatumia dawa za presha, dawa za kuongeza mkojo au lithiamu;
- una ugonjwa wa figo, moyo, kisukari au selimundu;
- una historia ya kuzimia, au presha yako kwa kawaida iko chini ya 90 kwa 60;
- unaharisha au unatapika siku hizi. Pona kwanza.

Na kama mashine ikionyesha 180 kwa 120 au zaidi siku yoyote, tulia dakika tano, pima tena. Ikibaki hapo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ikiwa pamoja na namba hiyo kuna maumivu ya kifua, pumzi kukatika, macho kuona ukungu, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kukosa nguvu, au maneno kutotoka vizuri, usipime mara ya tatu. Nenda hospitali sasa hivi.

Unachohitaji

Mashine ya presha ya kidijitali inayofungwa juu ya kiwiko. Za kifundo cha mkono ni nyepesi kubeba, lakini hukosea kirahisi mkono ukikaa vibaya kidogo. Kama huwezi kununua, azima ya jirani au changeni wawili watatu. Kupima mara moja moja kwenye duka la dawa hakutoshi kwa kazi hii, kwa kuwa utakuwa umetembea, umesimama foleni, na kila siku saa tofauti.

Mkanda unaoenea mkono wako. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi inayokuja na mashine inafaa mikono ya sentimita 22 hadi 32. Zaidi ya hapo nunua mkanda mkubwa, hata ikibidi kuuagiza. Kijana mwenye misuli ya kubeba vyuma au mwenye mwili mkubwa akifungwa mkanda mdogo atasoma presha ya juu asiyokuwa nayo, na hapo ndipo wengi hutishwa bure.

Kijiko cha chai cha kupimia, daftari na kalamu. Paketi mpya ya chumvi ya nusu kilo, yenye madini joto. Na wiki tatu zilizo shwari: pasiwe na Ramadhani, mitihani, safari ndefu wala harusi ya ukoo katikati.

Hatua

1. Ihakiki mashine. Ipeleke kituo cha afya, muuguzi akupime kwa mashine yao, kisha jipime kwa yako ukiwa umekaa pale pale. Zikipishana kidogo, namba tatu nne hivi, endelea. Zikipishana kwa kumi kila mara, badilisha betri au mashine. Siku hiyo hiyo pima mikono yote miwili. Mkono wenye namba kubwa ndio utakaoutumia hadi mwisho. Andika "kulia" au "kushoto" kwenye jalada la daftari usije ukasahau.

2. Jifunze kukaa. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu karibu kila daftari lenye namba za ajabu nililoonyeshwa, tatizo lilikuwa kwenye kukaa.

Pima asubuhi kabla ya chai na kabla ya dawa yoyote, na jioni kabla ya chakula. Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha namba. Nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi, wala usiwe ndiyo kwanza umetoka kugombana na mtu kwenye simu.

Kaa kwenye kiti chenye mgongo, siyo kitandani wala kwenye stuli. Egemea. Miguu yote miwili ikanyage sakafu, usikunje nne. Mkono uulaze mezani, mkanda ukae usawa wa moyo. Meza ikiwa fupi, weka mto au vitabu chini ya mkono. Mkono unaoning'inia au unaoushikilia hewani mwenyewe hukupa namba kubwa zisizo zako. Mkanda ufungwe juu ya ngozi, siyo juu ya shati, na usikunje mkono wa shati hadi ukakaba. Ukiufunga vizuri, vidole viwili vinapita chini yake.

Kisha kaa kimya dakika tano. Kimya maana yake simu iko mbali, redio imezimwa, na hujibu salamu ya mtu mlangoni. Waambie wa nyumbani mapema ili wasikuone una kiburi. Bonyeza. Mashine ikiwa inafanya kazi usiongee. Andika namba ya juu, ya chini na mapigo ya moyo. Subiri dakika moja, rudia. Andika zote mbili.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika ile inayopendeza. Mtu anapata 141, anarudia mpaka apate 128, anaandika 128. Daftari la namna hiyo haliwezi kukwambia kitu. Andika kila namba kwa mpangilio ilivyotokea.

3. Wiki ya kwanza: kula kama ulivyozoea. Usiongeze chumvi ili "uone itafanyaje". Watafiti huwalisha watu chumvi nyingi wakiwa chini ya uangalizi. Katika utafiti mmoja mkubwa wa China walipewa gramu 3 kwa siku kwa wiki moja, kisha gramu 18 kwa siku wiki iliyofuata. Wewe huna daktari jikoni, na huna haja ya kwenda huko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mzima kwa wastani duniani anakula karibu gramu 11 kwa siku, wakati linashauri zisifike 5. Kwa hiyo, bila kuongeza hata chembe, huenda wiki yako ya kawaida tayari ndiyo wiki ya chumvi nyingi.

Pima siku saba, asubuhi mara mbili na jioni mara mbili. Pembeni andika ulichokula kwa maneno machache: "chipsi mayai, soda", "ugali dagaa", "biriani ya msiba". Usijirekebishe bado. Wengi wakishashika daftari wanaanza kula kitakatifu siku ya pili, na wiki ya kulinganishia inakuwa imekufa.

4. Pata wastani wa wiki ya kwanza. Tupa siku ya kwanza, kwa kuwa mtu huwa na wasiwasi na namba zake hupanda. Zinabaki siku sita zenye vipimo vinne vinne, jumla 24. Jumlisha namba zote za juu, gawa kwa 24. Fanya vivyo hivyo kwa za chini.

Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85 au kupita, ni presha ya juu: huo ndio mpaka wa nyumbani unaolingana na 140 kwa 90 ya kliniki. Hata namba moja tu kati ya hizo mbili ikivuka, inahesabika. Hapo zoezi linabadilika. Peleka daftari kwa daktari kabla ya kuendelea na hatua ya tano. Kijana mwenye presha ya juu anastahili kuchunguzwa figo na homoni, na si haki kumwambia "punguza chumvi" akaachiwa hapo.

5. Tafuta chumvi yako inaingilia wapi. Fanya hivi mwisho wa wiki ya kwanza, siku ya kupumzika.

Anza na sufuria. Kama nyumbani mnapikia paketi moja, andika tarehe mnayoifungua ile ya nusu kilo. Ikiisha, gawa gramu 500 kwa idadi ya siku, kisha kwa idadi ya walaji. Watu watano wakiimaliza kwa siku kumi, ni gramu 10 kwa kila mtu kwa siku. Hesabu hii si kamili, maana kuna inayomwagika na watoto hula kidogo kuliko watu wazima, lakini inafungua macho. Wiki tatu zikiisha kabla ya paketi kwisha, pima iliyobaki kwenye mizani ya duka.

Halafu soma vifungashio. Vingi huandika sodiamu badala ya chumvi. Zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi. Mkate ulioandikwa miligramu 450 za sodiamu kwa gramu 100 una chumvi zaidi kidogo ya gramu moja kwa kila gramu 100, na asubuhi ya chai tupu huwa unakula kiasi gani? Vidonge vya mchuzi mara nyingi nusu ya uzito wake au zaidi ni chumvi. Kidonge cha gramu 4 kinaweza kubeba gramu 2, karibu nusu ya kiwango cha siku nzima, kabla hujatia chumvi yenyewe. Tambi za papo hapo nazo: hatari iko kwenye kile kipakiti cha unga.

Sasa zile ambazo watu hawazihesabu. Ng'onda, papa mkavu na samaki wengine wa chumvi. Kile kilima cha chumvi pembeni ya nyama choma. Maembe mabichi ya chumvi na pilipili, achari, krispi, soseji. Chapati, ambayo chumvi yake iko kwenye unga, huioni. Magadi ya kulainishia maharage, makande au mrenda: hiyo pia ni sodiamu, hata kama haina ladha ya chumvi. Vidonge vya maumivu vinavyoyeyushwa kwenye maji vikatoa povu huweza kuwa na karibu miligramu 400 za sodiamu kila kimoja, sawa na gramu moja ya chumvi. Mtu wa vidonge sita kwa siku amevuka kiwango bila kula.

Habari njema iko kwenye ugali. Kwa kawaida hautiwi chumvi. Viazi vitamu, mihogo, magimbi, ndizi mbichi, matunda, maziwa na mayai vyote vinakuja na sodiamu kidogo. Chumvi yetu iko kwenye kitoweo na kwenye vya dukani, na humo ndimo pa kufanyia kazi.

6. Wiki ya pili na ya tatu: shusha chumvi, vingine vibaki. Lengo ni chini ya gramu 5 kwa siku, chumvi yote ikiwamo. Kijiko cha chai kilichosawazishwa cha chumvi laini kina gramu 5 hadi 6. Unayejipikia, kila asubuhi pima nusu kijiko uweke kwenye kikopo. Hiyo ndiyo chumvi yako ya kupikia mpaka usiku. Nafasi inayobaki ni ya mkate na vingine usivyoviona. Kikopo kikiisha mchana, usiku ni limau.

Siku hizi kumi na nne acha kabisa: vidonge na unga wa mchuzi, samaki wa chumvi, soseji, krispi, tambi za pakiti, magadi, na chumvi ya mezani. Chumvi itie mwishoni chakula kikikaribia kuiva, ulimi utaihisi zaidi kuliko ukiitia mwanzoni. Tumia tangawizi, kitunguu saumu, bizari, giligilani, ukwaju, pilipili, tui la nazi, nyanya zilizokaangwa mpaka zikakauka vizuri.

Unayekula kwa mama, usitake sufuria ya watu watano ibadilike kwa ajili yako. Mwombe kwa adabu: "Mama, naomba unitolee mchuzi wangu kabla hujatia chumvi, nina vipimo." Mama akisikia vipimo atakuelewa, na huenda baada ya wiki akataka kupima naye. Unayekula kwa mama ntilie au kibandani, chagua vyenye kuonekana: ugali na mboga ya majani kwa nyama ya kuchoma isiyopakwa chumvi, mayai ya kuchemsha, viazi au muhogo wa kuchemsha. Mchuzi usiumwagie juu ya ugali, chovya.

Na hapa lipo kosa linaloharibu jaribio la watu makini kabisa: kubadilisha mambo matano kwa pamoja. Mtu anapunguza chumvi, anaanza kukimbia, anaacha bia, anaongeza ndizi na mchicha kila mlo. Presha inashuka, naye hajui nani kamshushia. Matunda na mboga zina potasiamu, ambayo yenyewe husaidia figo kutoa sodiamu, kwa hiyo kula kiasi kile kile ulichokula wiki ya kwanza. Mazoezi yabaki yale yale, kahawa ile ile, usingizi ule ule. Mazuri mengine yote utayaanza siku ya ishirini na mbili, na ninatumaini utayaanza.

Usitumie pia chumvi mbadala yenye potasiamu wakati wa jaribio. Na usidanganywe na chumvi ya mawe, ya bahari au ile ya rangi ya waridi inayouzwa ghali. Iwe imetoka Uvinza, Gongoni au Himalaya, karibu yote ni sodiamu kloridi ile ile. Ya mawe hupungua kidogo kijikoni kwa sababu tu chembe zake kubwa huacha nafasi katikati. Baki na ya madini joto, kwa kuwa iodini unaihitaji, hasa dada zangu mnaotarajia kuzaa siku moja.

7. Pima tena wiki ya tatu. Wiki ya pili mwili bado unajipanga. Unaweza kupima ukipenda, lakini namba za kulinganisha ni za wiki ya tatu: mkono ule ule, kiti kile kile, saa zile zile, siku saba, ukitupa ya kwanza.

8. Linganisha. Tuseme wiki ya kwanza wastani ulikuwa 132 kwa 84, wiki ya tatu 124 kwa 79. Namba ya juu imeshuka kwa 8. Watafiti wenyewe hawatumii mstari mmoja wa kumtenganisha anayeguswa na asiyeguswa, kwa hiyo nakupa mgawanyo wa nyumbani tu:

Ikishuka chini ya 3, usijenge hoja juu yake. Presha ya mtu hucheza kiasi hicho bila sababu.

Kati ya 3 na 5, kuna dalili. Endelea wiki mbili zaidi uone kama inakaa.

Zaidi ya 5, na hasa ikikaribia 10, chumvi inakugusa. Kula hivi hivi, na iandike kama sehemu ya historia yako ya afya pale unapoulizwa kliniki.

Kwa watu wachache namba hupanda kidogo badala ya kushuka. Kabla hujajihesabu miongoni mwao, rudia hatua ya pili kwa uangalifu.

Nisisitize jambo moja kwa mwenye 118 kwa 74 aliyeshuka hadi 110. Utasema mimi niko salama, narudi kwenye ng'onda. Watafiti wa ule uchunguzi wa 1986 waliendelea kuwafuatilia watu wao kwa miaka mingi, na mwaka 2001 wakachapisha kwamba walioguswa na chumvi, hata wale waliokuwa na presha ya kawaida mwanzoni, walikufa kwa wingi kuliko wenzao wa presha ya kawaida wasioguswa. Presha nzuri ya miaka 22 haikukingi na ya miaka 45, na wewe umepata kujua mapema.

Mambo yakienda kombo

*Namba zinaruka, 126 kisha 144.* Pima mara ya tatu, tumia wastani wa mbili za mwisho. Angalia betri, mkanda na gumzo. Kama mashine inaonyesha alama ya mapigo yasiyo sawa kila mara, mwone daktari.

*Kliniki wanapata 150, nyumbani napata 122.* Wapo wengi ambao presha hupanda wakimwona mtu wa koti jeupe. Peleka mashine na daftari lako, umwonyeshe. Wapo pia wa kinyume chake, wazuri kliniki na wabaya nyumbani. Hao wasipojipima hawajulikani.

*Presha haikushuka kabisa.* Ama chumvi haikugusi sana, ama haikupungua kama ulivyodhani. Rudi kwenye maandishi ya chakula: mkate, chapati, mchuzi wa kazini. Maabara zenye uwezo hupima sodiamu kwenye mkojo wa saa 24, na hicho ndicho kipimo kinachomaliza ubishi. Kama presha ni ya juu na chumvi umeishusha kweli, tazama kwingine: diklofenaki au ibuprofeni za mara kwa mara, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, dawa za mafua za kuzibua pua, prednisoloni, vinywaji vya kuongeza nguvu, miraa, pombe, kukoroma kunakokata pumzi usiku. Dawa uliyoandikiwa usiiache mwenyewe, muulize aliyekuandikia.

*Kizunguzungu nikisimama.* Kaa, pima, kunywa maji. Likijirudia, acha zoezi, rudi kwenye chakula chako cha kawaida na umwone mhudumu wa afya. Ukiharisha au ukitapika katikati ya wiki, zoezi limekwisha. Kunywa maji ya ORS bila kuogopa chumvi iliyomo, ndiyo inayookoa maisha wakati huo. Utaanza upya ukipona.

*Nabeba mizigo juani, natokwa jasho.* Usishuke chini sana ya gramu 5, na kunywa maji ya kutosha. Hakuna anayekutaka ufike sifuri, mwili unahitaji sodiamu.

*Chakula hakina ladha.* Siku za kwanza ndizo ngumu. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache, kisha mchuzi ule wa zamani utauona wewe mwenyewe umezidi chumvi.

*Chumvi mbadala, je?* Baada ya jaribio, inawezekana. Kwenye vijiji 600 vya China watu waliopewa chumvi ambayo robo yake ni potasiamu kloridi walipata kiharusi kidogo kuliko waliobaki na chumvi ya kawaida. Matokeo yalitoka 2021. Lakini ni marufuku kwa mwenye figo zenye shida, na kwa anayetumia dawa zinazobakiza potasiamu mwilini kama spironolaktoni, enalapril au losartan, mpaka daktari aruhusu. Pima kwanza figo.

*Nimemaliza. Nipime mara ngapi?* Ikiwa wastani uko chini ya 130 kwa 80, rudia wiki moja ya vipimo kila miezi sita. Ukiwa kati ya hapo na 135 kwa 85, kila miezi mitatu. Mashine irudishwe kituo cha afya kuhakikiwa mara moja kwa mwaka, na mkanda ukianza kupoteza mshiko au kuvuja hewa, badilisha kabla ya wiki inayofuata ya kupima.